Sekunde 30 za Mjomba

Chris Tarrant alipoanza kuendesha "Who Wants to Be a Millionaire?" kule Uingereza mwaka 1998, alikuwa na studio, mataa, maswali 15 na pauni milioni moja. Mimi usiku wa Idi Mosi, nyumbani Tanga, nilikuwa na tochi ya simu, maswali matano na noti ya shilingi 10,000, na noti yenyewe nilikuwa na shida nayo.

Kiti kirefu cha mshindani kilitutoa jasho. Niligeuza kinu, lakini kabla Mjomba hajakikalia Bibi akapiga ukelele: kinu hakikaliwi! Tukampa ndoo ya rangi, ikawa inabonyea kila akifikiri sana. Mataa hayakunisumbua. Umeme ulikatika wenyewe nilipotamka swali la kwanza, watoto wakanipigia makofi kwa ufundi.

Mjomba akafika swali la tano ameshamaliza misaada miwili. Mji mkuu wa Australia ni upi? A, Sydney. B, Melbourne. C, Canberra. D, Perth. Akabakiwa na kumpigia rafiki, sekunde 30. Akamtafuta mwalimu mstaafu wa jiografia.

"Asalamu alaykum!"

"Waalaykumu salamu! Idi mubaraka! Za siku?"

"Njema. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Ila mama, ule mguu…"

Mguu wa mama ulikuwa bado haujafika hospitali, muda ukaisha. Waliobuni mchezo ule hawajawahi kumpigia simu mtu wa Tanga.

"Ulitaka nimkate mtu anayeniambia ugonjwa wa mama yake?" Mjomba akanifokea. Bibi akahukumu kwamba salamu hazihesabiwi. Tukapiga tena; salio halikutosha.

Ikabidi nimsomee majibu upya. Nilipofika C, Bibi akakohoa.

Nikasimamisha mchezo. Mwaka 2001 Meja Charles Ingram alijibu hadi swali la milioni, akanyimwa fedha, na mwaka 2003 mahakama ikamtia hatiani kwa udanganyifu: vikohozi vya ukumbini ndivyo vilivyosemwa kumwonyesha jibu. Niliyaeleza yote hayo kwa kirefu. Bibi akanitazama.

"Mimi nakohoa tangu Nyerere hajang'atuka. Hiyo Australia yako ilikuwapo?"

"C," akasema Mjomba.

"Ndilo jibu lako la mwisho?"

"Lete hela."

Saa tano usiku simu yake ikaita. Ni mwalimu: "Samahani, tulisalimiana mpaka ikakatika. Kwani ulikuwa na jambo?"

"Dogo tu. Mji mkuu wa Australia."

"Sydney! Hilo nalo la kuuliza?"

Mjomba akanitupia jicho, akaisukuma noti ndani kabisa ya mfuko wa kanzu.

"Ahsante, mwalimu," akasema. "Basi mama mpe pole ya mguu."