Sifa za Kerezo Kuukuu

Siku nilipokwenda kulitazama, mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amekwisha nitangulia, alilizunguka mara moja tu, akalipiga teke la upole kama mtu ajaribuye tairi, akasema, "Kilo 800, tukitoa kutu." Mimi nililizunguka mara saba, nikalipapasa kama Msukuma apapasavyo fahali mnadani, nikalipa mara mbili ya bei yake. Tangu hapo mama watoto ameniuliza mara nyingi ni kitu gani nilichokiona mimi ambacho yule mwenye mizani hakukiona, na kwa kuwa majibu ya mdomo hukatizwa kabla hayajafika mwisho, nimeonelea nizieleze kwa kalamu fadhila za mashine kuukuu ya kukerezea vyuma, ambayo wazee wa pwani wangeiita kerezo, nami nitaiita hivyo kwa taadhima.

Nasaba yake ni ya heshima. Mafundi wa kale wa Lamu walikereza miguu ya vitanda kwa kuuzungusha mti kwa upinde na kamba, kisu kikiwa mkononi. Huko London, karibu na mwaka 1800, Henry Maudslay alikinyang'anya kisu mkono wa mwanadamu akakikabidhi kwa skrubu ndefu ya chuma, na tangu hapo mkono umekosa udhuru wa kutetemeka. Hili langu lilizaliwa Uingereza, kama kibao chake cha shaba kinavyodai, likaajiriwa katika karakana ya kiwanda kimoja cha kuchambulia pamba, zama zile ambapo reli, iliyofika Mwanza mwaka 1928, ilikuwa ikichukua marobota kuyapeleka pwani, na shafti ikivunjika katikati ya msimu hapakuwa na mtu wa kungoja meli ilete nyingine kutoka Ulaya. Kiwanda kilipofungwa, kerezo lilistaafu chini ya bati lililotoboka, na nilipofungua sanduku la giya nilikuta mayai manne ya kuku, mojawapo lingali na joto.

"Mzee wangu," aliniambia muuzaji, kijana mwenye adabu, "haina tatizo lolote; bedi tu ndiyo imechoka kidogo." Laiti wanadamu nasi tungechoka kwa uaminifu namna hiyo! Bedi ya kerezo, yaani kitako ambacho kisu hutembea juu yake, hulika karibu na chaki, ile ishikayo kipande kinachokerezwa, kwa sababu kazi nyingi ni fupi na kisu hutembea papo hapo miaka nenda rudi, kama kizingiti kilikavyo pale miguu ipitapo. Kisu kikifika katika bonde lile huinama na kurudi nyuma, na shafti niliyoikusudia iwe ya milimita 30 toka mwanzo hadi mwisho huwa, nikiipima kwa kipimo cha venia, 30 upande wa mbali na 30.12 upande wa chaki. Mwenye haraka ataita kosa. Mimi naita tabia, maana mashine mpya humtii kila ajaye, hata mjinga, ilhali hili halimtii ila yule aliyekaa nalo akajua ni wapi litadanganya na kwa kiasi gani. Mkono wa kusogezea kisu nao una insafu yake: robo ya kwanza ya mzunguko haifanyi kitu, ili nipate nafasi ya kutafakari kama kweli nataka kukata. Ni maneno mangapi ningeyameza laiti ulimi wangu ungekuwa na ulegevu wa namna ile!

Habari za umeme wa njia tatu, ambao linautaka na nyumba yangu haina, nitazipita mbio, maana mota nyingine ilipatikana na deni lake halijaisha.

Uzito, kwa upande mwingine, wastahili kukaliwa. Nyumba yangu iko Igogo, hapa Mwanza, mlimani, na gari huishia chini. Toka hapo ni ngazi, mfereji, na majabali. Tulilivua kerezo chaki, mota na kichwa cha nyuma, tukaburura kilichobaki juu ya vipande vya mabomba ya maji, mmoja akiimba na wengine wakivuta kamba, siku mbili kutwa. Na katika safari ile nilijuana na majirani ambao kwa miaka tisa tulikuwa tukipeana salamu ya "Mwangaluka" tu. Nimewahi kuingiza televisheni nyumbani, hakuna hata mmoja aliyekuja kusaidia. Tena mashine ya namna hii hutaka sakafu isiyotitia, na wenzetu wa tambarare humwaga zege kwa gharama. Banda langu lina jabali lenyewe chini yake, lile lile nililolilaani siku ya kuchimba choo. Nilikata vibati vya debe la mafuta ya kula, nikaviingiza kimoja kimoja chini ya miguu ya kerezo, mpaka tone la hewa katika pima maji likatulia kati.

Kuhusu elimu, nisingejua hisabati ninayoijua leo kama lisingekuwa la inchi. Hukata hesi za Whitworth, zile za mwaka 1841, ambazo pembe yake ni nyuzi 55, na bolti za madukani ni za milimita, nyuzi 60. Hivyo nimetengeneza bolti nzuri sana ambazo hazina nati mjini kote. Dawa ya tofauti ya inchi na milimita ni giya moja ya meno 127, kwa kuwa inchi, tangu mapatano ya 1959, ni milimita 25.4 kamili, na mara tano yake ni 127, namba isiyogawanyika hata ikubali kubadilishwa kwa giya mbili ndogo. Giya hiyo ndiyo iliyokosekana sandukuni, mahali pa mayai.

Aidha, kerezo ni mgonjwa anayejitengenezea dawa: bushi zake nimezikereza juu yake, pini zake juu yake, vishikio vyake juu yake. Kwa miaka miwili halijatengeneza kitu cha mtu mwingine, isipokuwa shafti ya mashine ya kusaga ya jirani, ambayo ilikubali kuingia kwenye beringi baada ya kusuguliwa kwa msasa toka adhuhuri hadi magharibi. "Kwa hiyo," aliuliza mama watoto, "tumelinunua ili lijitengeneze?" Nilimjibu kuwa ni watu wachache mno wafanyao hata hilo.

Juma lililopita yule kijana alinipigia simu. "Mzee wangu, kuna mashine ya kuchonga meno ya giya, iko Igoma. Imechoka kidogo tu. Ila yule wa vyuma chakavu ameshafika." Kamba ninayo, na mabomba yangali nyuma ya banda.