Sifa Zake RAM Mbovu

Kufa moja kwa moja hakuhitaji kipaji. Pawa saplai ya kompyuta ya mezani ikifa, inatoa harufu ya kuungua na duka zima linajua. Diski ikichoka inagonga-gonga mpaka mteja aliyekaa kwenye benchi anauliza kuna nini humo ndani. Feni ikijaa vumbi inapiga kelele. Vifaa hivi havina siri, na mimi siwezi kuwaheshimu watu wala vitu visivyo na siri. RAM mbovu ina malezi tofauti. Ile ya GB 2 ina seli zaidi ya bilioni 17, na yenyewe inaharibika seli tano au sita tu, basi. Zilizobaki zote zinachapa kazi kwa uaminifu, kiasi kwamba ukiituhumu utaonekana mchonganishi.

Atakayetaka kuona umahiri wake aende steshenari. Nasema zile za kawaida za Dar es Salaam, jirani na chuo au ofisi ya kata: mashine ya kutoa kopi, bahasha za kaki, na kompyuta iliyotumika Ulaya miaka mingi kabla ya kuletwa huku, yenye RAM za DDR2 ndani ya lile kasha ambalo sote tunaliita CPU ingawa CPU ni kitu kidogo kilichofichwa humo. Tangu asubuhi imechapa barua za kuomba kazi na kadi za michango bila tatizo. Saa nane mchana, joto limepanda, mwanachuo anamalizia ukurasa wa mwisho wa ripoti yake, skrini inageuka bluu.

Sasa tazama nani analaumiwa. Wa kwanza ni umeme, ambao kwetu una historia na hauhitaji mashahidi. Baada ya umeme ni flashi ya mwanachuo, kwamba imeleta virusi, na kijana anakaripiwa mbele za watu. Kisha dada anayechapa anaambiwa amezoea kufungua vitu vingi kwa pamoja. Fundi akiitwa anatoa hukumu ya siku zote: tupige Windows upya. Anapiga, na katikati ya kazi mashine inalalamika kwamba faili fulani limeharibika. Faili ni zima. Limepitia tu kwenye seli zile tano au sita wakati wa kufunguliwa, likatoka si lile lililoingia. Fundi anailaumu flashi yake mwenyewe na kwenda kutafuta nyingine. Mpaka hapo watu wamegombana, pesa imetoka, na jina la RAM halijatajwa hata mara moja. Nimewaona viongozi waliosomea kazi ya kukwepa lawama ambao hawajafika hata nusu ya kiwango hiki.

Tena tuwe waungwana: kusahau ni jambo la ukoo. Mwaka 1968 Robert Dennard wa IBM alipata hataza ya seli ya kumbukumbu yenye transista moja na kapasita moja, na RAM za kompyuta zetu mpaka leo ni wajukuu wa seli hiyo. Kapasita inashika chaji kidogo sana, na chaji hiyo inavuja. Kwa hiyo kila seli lazima isomwe na kuandikwa upya ndani ya milisekunde 64, yaani kama mara 15 kwa sekunde, kabla haijasahau ilichoambiwa. RAM nzima ni msahaulifu anayekumbushwa haraka. Ile mbovu imechoka kuigiza. Joto likipanda chaji inavuja kwa kasi zaidi, ndiyo maana saa mbili asubuhi ilikuwa mtakatifu na saa nane mchana ikatubainishia ukweli wake.

Wengi hawajui pia kwamba ina kipaji cha uandishi. Katika mpangilio wa herufi ambao kompyuta zinautumia, h na l zinatofautiana kwa biti moja tu, yaani kile kinachoshikwa na seli moja. Biti hiyo ikipinduka, mtu aliyeandika kwamba anadai haki yake atasomeka anadai laki yake, na kusema kweli hakimu atamwelewa upesi zaidi. Tarakimu 1 na 9 nazo zimetenganishwa na biti moja. Ahadi ya mchango ya shilingi 100,000 inaweza kuamka asubuhi ikiwa 900,000, na sijaona kamati ya harusi itakayoandika barua ya kupinga.

Vipaji hivi vimeshafika mbali. Tarehe 18 Mei 2003, katika uchaguzi wa Ubelgiji, mgombea mmoja wa eneo la Schaerbeek, Brussels, alionekana kuwa na kura 4,096 za ziada. Hesabu ilishtukiwa kwa sababu ilizidi kura ambazo angeweza kuzipata. Programu ikakaguliwa, kosa halikuonekana. Ila 4,096 ni 2 kwa kipeo cha 12, thamani kamili ya biti moja, na wakaguzi wakahitimisha kwamba biti hiyo ilijipindua yenyewe. Chembe za mionzi kutoka angani zikashukiwa. Huku kwetu kura elfu nne zinahitaji mabasi, kanga, kofia na pilau.

Kila mwenye kipaji ana wabaya wake. Mkubwa wao ni Richard Hamming wa Bell Labs, Marekani, ambaye alichoshwa na mashine iliyokuwa ikiacha kazi zake mwishoni mwa wiki kila ilipokuta kosa, akabuni namna ya kuifanya ilisahihishe kosa lenyewe. Alichapisha kanuni zake mwaka 1950. Leo RAM za seva zinaongeza biti 8 za ulinzi kwa kila biti 64: moja ikipinduka inarudishwa mahali pake, mbili zikipinduka kengele inalia. Bila walinzi hao mambo yangekuwaje? Utafiti uliofanyika kwenye seva za Google na kutolewa mwaka 2009 ulikuta kwamba zaidi ya asilimia 8 ya vipande vya RAM vilipatwa na kosa ndani ya mwaka mmoja. Kompyuta nyingi za mezani hazikupewa walinzi, ili bei iwe nafuu. Burudani yote imeachiwa sisi.

Na burudani kuu ni kuisaka. Mara chache inajisaliti: ukiwasha, mashine inatoa milio na skrini inabaki nyeusi. Fundi anafurahi. Anafungua kasha, anapuliza vumbi la miaka, anaichomoa RAM na kuyasugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli. Msinicheke, kama tatizo ni uchafu au kutu kwenye meno, kifutio kinaponya kweli. Kama ugonjwa uko ndani ya seli, RAM yenye busara inakubali kupona kwa muda, ili fundi alipwe na aondoke.

Njia ya haki ni ndefu zaidi. Unachomoa vipande vyote, unaacha kimoja, unawasha. Unabadilisha kipande, kisha unabadilisha sloti. Kosa likikifuata kipande, mwizi ni kipande. Likibaki kwenye sloti ileile kwa kila kipande, itazame mazabodi, hasa kama kapasita zake zimevimba vichwa. Halafu unaweka programu ya Memtest86+ kwenye flashi na kuiwasha mashine kwa flashi hiyo, Windows ikiwa bado imelala, kwa sababu Windows ikiamka inakalia sehemu ya kumbukumbu unayotaka kuipima. Programu inajaza seli kwa mpangilio fulani, inazisoma, inageuza, inarudia. Kwenye mashine ya zamani hiyo ni kazi ya usiku kucha, na umeme ukikatika saa kumi alfajiri unaanza upya. RAM iliyolelewa vizuri inafaulu mzunguko wa kwanza. Kwenye wa tatu, mwili umepata moto, mstari mwekundu unatokea, na anwani ya seli imeandikwa wazi. Anayetumia Linux anaweza hata kuiamuru isiikanyage anwani hiyo tena, seli mbovu zikabaki hapo kama hifadhi ya taifa, hakuna kulima wala kuchunga.

Wenye Windows tunabadilisha kipande. Fundi anakichomoa chenye kosa, ila hakitupi. Nani anatupa kitu kinachofanya kazi karibu siku nzima? Anakiweka kwenye droo na DDR2 wenzake, bila alama yoyote. Siku si nyingi atakuja mtu mwenye mashine nzito anayetaka kuongeza RAM. Kitatolewa, kitasuguliwa kwa kifutio, kitachomekwa, na Windows itahesabu GB 4 bila kigugumizi. Mteja akiuliza kuhusu garantii, fundi atamwonyesha skrini kwa kidole: "Bosi, si unaiona mwenyewe imewaka?"