Mstari wa Mbele Mchuchumae

Simu imelia tena, stika imerudi. Ni mimi huyo, nimevaa jezi ya njano ya maveterani, miguu juu, mikono inatafuta pa kushika, na chini yake mwanakundi mmoja asiye na haya ameandika "VAR inaangalia". Na mechi ilikuwa haijaanza hata kidogo.

Chanzo ni picha. Hakuna timu ya mtaani Dar, hata hii yetu ya wenye presha na sukari, inayocheza kabla ya kupigwa picha, na wafupi hukaa mbele. "Mzee wangu, wewe chuchumaa hapo," akasema kijana wa kamera. Nikateremka. Goti la kushoto, nililozaliwa nalo, likaenda zake hadi chini. La kulia likafika katikati, likagoma. Nikabaki nimening'inia upande mmoja, natabasamu, mpaka nikamlalia beki wetu, beki akamlalia kipa, kipa akamlalia nahodha. Waliosimama nyuma hawakuinama kutuokota. Walikuwa wanatoa simu mifukoni.

Lakini hicho kilichogoma, goti langu la bandia, ni chombo cha ajabu, jamani. Wengi hudhani daktari huling'oa goti zima. Wapi! Huchonga ncha za mifupa, milimita chache tu, kisha huzivika kofia kama jino bovu. Ncha ya paja hupewa aloi ya kobalti na kromiamu, inang'aa hadi unajiona. Juu ya muundi hukaa sinia la titani, na katikati yao kipande cha polithilini, ukoo mmoja na mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku Tanzania mwaka 2019. Mimi natembea nayo mwilini na hakuna mgambo anayenikamata. Vyuma hivyo kwa kawaida hugandishwa mfupani kwa saruji ya akriliki, ambayo hupata moto inapokauka, na hukauka upesi kuliko gundi ya fundi viatu wangu.

Tatizo ni digrii. Kutembea kunataka kama 70, kuinuka kitini 90 na ushee, kuchuchumaa sawasawa zaidi ya 130. Langu liliishia 110, na mtaalamu wa fiziotherapia akapiga makofi.

Alikuwa anashangilia nini? Magoti haya yalipoanza kushika kasi miaka ya 1970, yalisanifiwa New York na London, kwa watu wanaokaa kitako hata chooni. Choo cha shimo cha stendi hakikuwemo kwenye michoro, wala mkeka, wala sijida. Baadaye yakaja ya kukunjika zaidi, yakanadiwa Asia na Mashariki ya Kati. Sisi je? Nimelipa bei ya kiwanja, na msibani nakaa peke yangu kwenye kiti cha plastiki, juu ya vichwa vya wafiwa. Juzi mjomba wa marehemu aliniita pembeni kuuliza namdai marehemu kiasi gani. Hilo mimi halinichekeshi.

Mechi? Nilipiga penalti, goti likalia "tak", kipa akaruka kabla sijaufikia mpira. Wapinzani wamekata rufaa.

Daktari akaniambia niache mpira, nikaogelee. Baharini niliingia mwenyewe. Wavuvi ndio walionitoa.

Sasa daktari anasisitiza baiskeli. Goti lisilokunjika sana linataka tandiko lipandishwe, na tandiko likipanda, mfupi hafiki chini. Kwa hiyo nazunguka mtaa mpaka nifike kijiwe cha bodaboda, vijana wanidake. Jana wamenitangazia nauli.