Kima cha Chini Kimepanda, Fundi Yuko Darini

Sisi mafundi wa halmashauri habari za nyongeza ya mshahara huwa tunaletewa na wenye nyumba. Mei Mosi ya 2025, hotuba ya Rais kule Singida haijapoa, mwenye nyumba wangu ameshagonga mlango. "Nasikia serikali imewakumbuka." Nikamwamkia kwanza, shikamoo mzee. Akaitikia marahaba, na papo hapo akaniambia kodi mpya.

Jaribu kumweleza mtu huyo kwamba ile asilimia 35.1 ni ya kima cha chini, kutoka shilingi 370,000 kwenda 500,000, na kwamba mimi kima cha chini nilishakivuka siku nyingi. Hataki kusikia. Mtaani asilimia ikishatangazwa ni ya wote. Mangi wa dukani naye alishafuta neno "mkopo" kwenye daftari langu, akaandika "lipa Julai". Mwaka 2022 ilikuwa vilevile: zilitajwa asilimia 23.3, watu wakaagiza makochi, Julai ikafika, na wengi tuliokuwa juu ya kima cha chini tukaitafuta nyongeza kwenye hati ya mshahara kwa miwani.

Wala udogo wake siyo unaoniuma sana. Kinachoniuma ni hii habari ya kusawazisha. Wa chini kabisa anapandishwa sana, nami napandishwa kidogo, kwa hiyo kila wakisawazisha ananisogelea. Mungu ambariki, ana watoto kama mimi. Lakini ile tofauti niliyoipata kwa kuning'inia darini miaka yote, na popo wananichungulia, imekwenda wapi? Ukiuliza utumishi unaambiwa subiri muundo mpya. Ukiuliza muundo mpya, unaambiwa subiri waraka. Waraka ukija, unakuja na swali: cheti chako ni cha ngazi gani?

Hapo ndipo alipokwama Babu. Babu ndiye mkubwa wetu karakana, ana cheti cha ufundi cha zamani, gredi wani. Zama hizo fundi alianzia gredi ya tatu, akafanya mtihani akaenda ya pili, na aliyeifikia ya kwanza aliheshimiwa mpaka msibani. Baadaye VETA wakageuza hesabu, ngazi ya kwanza ikawa ya anayeanza na ya tatu ikawa ya juu. Babu akapeleka cheti chake kwa kijana wa utumishi, kijana akakisoma kwa huruma.

"Babu, hii ni ya kwanza. Itabidi urudi chuo uongeze mbili."

"Mjukuu wangu, hiyo moja nimeifikia nikitokea tatu. Wewe ulikuwa hujazaliwa."

"Nakuelewa Babu, ila mfumo haukubali."

Na mfumo wenyewe hauna msimamo. Daraja la kazi linaanzia la pili, unapanda kwenda la kwanza. Cheti kinaanzia ya kwanza, unapanda kwenda ya tatu. Mshahara unaanzia TGS A, na hiyo A ndiyo sakafu. Juzi mwanangu kaja na A ya hisabati, nikampa pole kabla sijampongeza.

Sheria hatukosi. Katiba, ibara ya 23, inampa kila mtu haki ya ujira unaolingana na kazi yake, bila ubaguzi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mwanamume na mwanamke walipwe sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Hapo karakana yetu imefaulu kwa alama zote. Tuna dada mchomeleaji, mkono wake hautetemeki, na yeye na mimi tunalipwa kidogo sawasawa.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe. Meini switchi ya jengo la utawala iliungua. Babu alinusa tu mlangoni, mfuniko haujafunguliwa, akasema fezi ya pili, nati imelegea. Tukazima, tukafungua. Kweli, plastiki nyeusi, ganda la waya limejikunja, nati inazunguka kwa kidole. Kijana wetu fundi sanifu, mwenye stashahada na mshahara unaotupita sote, alishika tochi. Mtoto ana adabu, aliuliza kila kitu: kwa nini waya umeungua pale kichwani tu, kwa nini breka haikukata. Babu akamjibu huku anakata waya: breka inaona umeme ukizidi, nati iliyolegea inapika waya taratibu na umeme haujazidi. Mimi nilishika ngazi. Tulipomaliza, fomu ikasainiwa na kijana, maana fomu inataka fundi sanifu.

Simwonei wivu. Aliyesoma alipwe, nami wangu namsomesha kwa matumaini hayo hayo. Ila anayepanga hizi ngazi siku moja naye asimame mbele ya meini switchi inayonuka, aniambie ile pua ya Babu ameiweka TGS gani.

Msiseme hatujaitwa kutoa maoni. Kulifanyika kikao cha wadau kuhusu uwiano wa mishahara ya mafundi, ukumbi wa hoteli, chai saa nne, kuku saa saba, wajumbe wamekuja na posho zao za safari. Mafundi tulikuwepo wawili. Tulifunga spika. Wakati mwezeshaji anaonyesha jedwali la madaraja, maiki ikakata. Tukaitwa haraka, nikapita mbele ya meza kuu na bisibisi mfukoni, nikakaza waya, nikajaribu: "Moja, mbili. Moja, mbili." Ukumbi ukapiga makofi. Nikarudi nyuma, karibu na masufuria.

Muhtasari wa kikao hatujapewa. Kijana wa utumishi ameuona, anasema umeandikwa vizuri sana, na kwamba mafundi walishirikishwa na walizungumza.