Shajara ya Duka la Dawa, Igombe

Jumamosi

Giza la mwezi limeanza, wavuvi wa dagaa wanakesha ziwani. Saa 1 asubuhi kijana mmoja wa mtumbwi ameingia dukani ameukumbatia mkono wake wa kulia. Gogogo amemchoma kati ya kidole gumba na cha shahada alipokuwa anamchomoa wavuni.

Gogogo ni samaki mdogo, lakini akishikwa husimamisha miiba mitatu, mmoja mgongoni na miwili ubavuni, akaifunga, na huikunji mpaka mwenyewe ailegeze. Samaki wengi wa ukoo wa kambale wana sumu hafifu kwenye ngozi inayofunika miiba hiyo. Haiui. Inauma, na huyu kijana alikuwa anatoka jasho kwenye upepo wa asubuhi.

"Shikamoo dokta. Nipe dawa ya maumivu na vidonge vya rangi mbili."

Mimi si daktari. Ni mtoa dawa katika duka la dawa muhimu, maduka yaliyoanza Ruvuma mwaka 2003 ili watu wa vijijini wapate dawa za lazima kwa mtu aliyefunzwa. Hapa mwaloni, kwenye maegesho ya mitumbwi, kila anayesimama nyuma ya kaunta huitwa dokta, nami nimeacha kubishana.

Wenzake walikuwa wameshamtibu mtumbwini: walimsuuza kwa maji ya ufukweni, wakammiminia petroli ya mashine. Nimeosha jeraha kwa sabuni na maji ya dumu, nikaangalia kama ncha ya mwiba imebaki ndani, haikubaki. Kisha nimemletea beseni la maji ya moto, moto ambao mkono mzima unaweza kuuvumilia, nyuzi 45 hivi na si zaidi. Nimemwambia ayapime kwanza kwa mkono wa kushoto, kwa sababu mkono wenye maumivu haupimi joto sawasawa na mtu anaweza kujichoma akidhani anajitibu. Nusu saa mpaka saa moja na nusu, tukiongeza ya moto kidogo kidogo. Kabla ya nusu saa alikuwa ameegemea ukuta anasinzia.

Vidonge vya rangi mbili, yaani antibiotiki, sikumpa. Nimempa panadol na kumtuma zahanati akachome sindano ya pepopunda, maana hakumbuki kama aliwahi kuchanjwa.

Jumapili

Watoto wametupia mawe mzinga wa nyuki juu ya mwembe wa kanisani, wakati wa mahubiri. Wengi wameumwa mara moja moja. Baba mmoja aliwakataza wenzake wasivute miiba kwa vidole, eti lazima ikwanguliwe kwa kisu, na kisu kikawa kinatafutwa. Mwiba wa nyuki una kifuko kinachoendelea kusukuma sumu hata nyuki akisharuka. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulilinganisha kuvuta na kukwangua, ukaonyesha kwamba cha muhimu ni kuuondoa haraka, kwa njia yoyote. Nimeivuta yote kwa kucha. Maji ya baridi, piriton kwa waliovimba, na pete ya mama mmoja imetolewa kidoleni kabla kidole hakijafura. Nimekaa nao nusu saa nikiwatazama midomo na pumzi. Anayevimba uso au kukosa pumzi baada ya nyuki ni wa kukimbizwa hospitali dakika hiyo hiyo. Hakuna aliyefikia huko.

Jumatatu

Mama mmoja anayeanika dagaa amekuja jioni, amejifunga mtandio shingoni hadi masikioni. Alisubiri wateja wote waondoke. Alipoufungua niliona mstari mwekundu wenye malengelenge, kutoka chini ya sikio mpaka kwenye mtulinga.

"Mdogo wangu, wanasema ni mkanda wa jeshi," alisema. Akaanza kulia. Nilijua analilia nini. Hapa kwetu mtu akisikia mkanda wa jeshi anafikiria ukimwi, na majirani huwa wameshafika huko kabla yake.

Nimemwomba akunje mkono. Ndani ya kiwiko kulikuwa na alama mbili zinazotazamana, moja juu ya mkunjo na moja chini, kwa sababu ngozi iliyopata sumu iliigusa nyingine mkono ulipokunjwa. Mkanda wa jeshi haufanyi hivyo. Unatoka kwa kirusi cha tetekuwanga kilichobaki mwilini, hufuata mshipa wa upande mmoja, na mara nyingi maumivu hutangulia vipele. Huyu mama hakuumwa na chochote. Alilala, akaamka na malengelenge.

Ni kile kidudu chembamba chekundu na cheusi kinachojaa baada ya mvua, urefu wake hauzidi sentimita 1, kinachofuata taa. Hakiumi wala hakichomi. Ndani ya mwili wake kuna sumu iitwayo pederini, nayo hutoka kikipondwa. Mtu anahisi kitu shingoni, anakipiga kofi, anakisugua, analala. Malengelenge huja kesho yake, wala hakumbuki kofi la jana. Mama huyu huchambua dagaa usiku chini ya taa ya sola.

Tumeosha kwa sabuni na maji mengi, shingo na kiwiko, na vidole pia, kwa sababu vidole vikigusa jicho jicho litafumba siku kadhaa. Nimemwambia kidudu hicho kipeperushwe kwa pumzi, kisiguswe, na mtandio na shuka vifuliwe leo. Nimemwambia pia kwamba kupima afya ni haki yake siku yoyote anayotaka, lakini shingo hii si sababu. Aliondoka bila kujifunika shingo. Naomba majirani wamwone.

Jumanne

Mtoto wa miaka 9 ameumwa na mbwa kwenye shavu la mguu akitoka shule. Bibi yake alifika naye akiwa na pilipili ya kusaga mkononi, tayari kuijaza kwenye jeraha ili "iue sumu". Nimemshika mkono kwa heshima zote. "Bibi, tuanze na maji. Pilipili ikae kwanza."

Nje ya duka nina kibuyu chirizi, dumu la lita 5 lenye tundu, linaloinamishwa kwa kukanyaga kijiti. Nilikiweka wakati wa hofu ya kipindupindu na sijakiondoa. Leo mtoto ameweka mguu wake chini yake, nami nimeosha kwa sabuni kwa dakika 15 kamili, simu ikiwa mbele yangu na saa inahesabu. Dakika 15 ni ndefu mno mtoto akilia. Watu walianza kusema inatosha zilipopita 3 tu. Sikuacha. Kirusi cha kichaa cha mbwa hubaki kwenye nyama ya jeraha kabla hakijaingia kwenye mshipa wa fahamu, na sabuni hukiharibu. Pilipili ingemchubua tu na kumfanya aogope kuguswa tena. Dumu lilijazwa mara kadhaa, na waliojaza ni wale wale waliosema inatosha.

Baada ya sabuni nimepaka ayodini, nikafunika kwa gozi bila kukaza. Jeraha la mbwa halikimbiliwi kushonwa.

Kisha likaja gumu lenyewe, kumshawishi bibi kwamba kazi bado. Jeraha lilikuwa safi na damu imekata, akataka kwenda nyumbani. Kichaa cha mbwa kwa kawaida hukaa kimya mwezi mmoja mpaka mitatu, kidonda kinapona, familia inasahau. Kikishaonyesha dalili hakuna dawa, karibu wote hufa. Chanjo inayotolewa mapema huzuia karibu kila mara. Nimemsimulia habari ya Joseph Meister, mtoto wa Kifaransa aliyechanjwa na Louis Pasteur tarehe 6 Julai 1885 baada ya kuumwa na mbwa, naye alikuwa na miaka 9. Bibi aliuliza, "Alipona?" Nikamwambia alipona, akaishi mpaka uzee. Akafunga kanga, akauliza daladala ya mjini inapita saa ngapi.

Vijana walikuwa wameshachukua marungu kumtafuta mbwa. Nimewaomba wamfunge kamba, wamlishe, wasimuue. Mbwa akiwa mzima baada ya siku 10 tutajua hakuwa na kirusi mateni alipouma. Akiuawa na kutupwa hatutajua lolote.

Jumatano

Msichana ameunguzwa na eksozi ya bodaboda, shavu la mguu wa kulia kwa ndani, mahali pale pale wanapoungua wote. Eksozi nyingi ziko kulia, na abiria hushukia kulia. Alikuja na dawa ya meno imekauka juu ya kidonda. Chini ya dawa ya meno ngozi ilikuwa bado ina moto. Maji yanayotiririka, dakika 20, kisha kitambaa safi. Alovera aliyoshauriwa na shangazi yake inaweza kungoja mpaka ngozi ipoe. Nimemwambia ashukie kushoto.

Alhamisi

Swila ametemea mama wa jirani machoni ndani ya banda la kuku. Nyoka huyu hurusha sumu zaidi ya mita 2 na hulenga uso. Sumu ikibaki kwenye ngozi nzima si hatari sana, ila machoni inaunguza na inaweza kupofusha. Kelele zilinifikia kabla yake. Mmoja alikuwa anatafuta maziwa, mwingine anasema mkojo wa mtoto wa kiume.

Tumemlaza ubavu, nikafungua kope kwa vidole na kumimina maji safi kutoka pua kuelekea sikio, jicho moja kisha la pili, karibu robo saa. Maziwa yangefaa kama maji yasingekuwapo, lakini maji yalikuwapo. Jambo la haraka ni kupunguza sumu sasa hivi, kabla kioo cha jicho hakijachubuka. Mumewe alikuwa ameshaleta pikipiki. Ameenda hospitali, na jioni amepiga simu anaona, japo mwanga unamuuma.

Mzee mmoja anayeheshimika sana hapa alikuja na jiwe lake la nyoka, jeusi, limefungwa kwenye kitambaa. Alipewa na baba yake, ambaye alilinunua misheni. Ni kweli, wamisionari wa Ulaya waliyasambaza sana mawe haya, nayo kwa kawaida ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa. Sikumdharau. Nimeketi naye kwenye benchi, nikamweleza kwamba majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha jiwe haliwasaidii. Akanijibu kwamba yeye ameona watu waliopona. Nami nakubali aliwaona. Nyoka wengi hawana sumu ya kudhuru binadamu, na hata mwenye sumu mara nyingine huuma bila kuimwaga. Jiwe likibandikwa hapo hupata sifa.

Ninachokichukia ni saa zinazopotea. Mtu anabandikwa jiwe, anasubiri lianguke lenyewe, na ile dawa ya sumu ya nyoka iko mjini. Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele mwaka 2017, na kwa mtu wa Igombe maana yake ni barabara: usifunge kamba ya kukaza, usichanje kwa wembe, usinyonye, kitulize kiungo kwa gongo na kitambaa, uondoke. Nimemwomba mzee jambo moja, kwamba jiwe lipande pikipiki pamoja na mgonjwa. Amefikiri, amekubali.

Ijumaa

Siku ya 3 tangu mbwa. Mtoto amepata sindano ya pili mjini, ya tatu ni siku ya 7. Nauli ilikuwa tatizo. Mwenye mbwa ameitoa baada ya kuzungumzwa naye, na mbwa yuko chini ya mti, anakula vizuri kuliko alivyokuwa anakula wiki iliyopita. Mbwa huyu hajawahi kuchanjwa. Wataalamu wanasema ukichanja mbwa 70 kati ya kila 100 ugonjwa unakosa pa kupita. Hapa mwaloni sijui mbwa watatu waliochanjwa.

Jumamosi

Nge chini ya jiwe la kufulia, kidole cha mguu cha mtu mzima. Maji ya baridi, panadol. Angekuwa mtoto mdogo ningempeleka zahanati.

Jumapili

Kikao cha mwalo baada ya ibada. Kamati imekusanya fedha za sanduku la huduma ya kwanza, na kila mtu alikuwa na orodha yake. Mvuvi mmoja mkongwe anataka spiriti, kwa sababu dawa isiyochoma haaminiki. Mwingine anataka vidonge vya rangi mbili vikae sandukuni. Nimekataa vidonge mbele ya wote, hata kama nami ndiye ningeviuza.

Nimesimama nikasema fedha ya kwanza inunue madumu mawili ya maji ya bomba na sabuni, kisha gozi, bandeji, plasta, ayodini, glavu, kibano cha miiba, mkasi, panadol na beseni. Palizuka minong'ono. Watu wanaoishi mbele ya ziwa zima waambiwe wanunue maji! Lakini maji yetu ya ufukweni ndiyo tunamoparulia samaki, tunamofulia na kunyweshea ng'ombe, na konokono wa kichocho wako humo humo. Kidonda kilichosuuzwa pale kimeongezewa uchafu. Yule kijana wa gogogo alisimama akaunyoosha mkono wake, umepona, akasema petroli hairudii tena. Alisaidia kuliko maneno yangu.

Wakataka kufuli. Nimebisha mpaka sauti imekauka. Mtu aliyechomwa saa 9 usiku hana muda wa kumtafuta mwenye ufunguo. Kufuli limeondolewa kwenye orodha. Kuhusu sabuni, wanahofia itachukuliwa. Itatobolewa, ifungwe kwa kamba kwenye mti wa kibuyu chirizi, na ikiisha nitatoa nyingine dukani.