Mtihani wa Kushindwa
Uingereza ina posho ya ulemavu inayotolewa kwa alama, kama mtihani wa darasa la saba, ila huku anayefaulu ni yule aliyeshindwa mengi. Alama 8 unalipwa. Ukifika 12 unalipwa zaidi.

Mwaka 2017 serikali ikaona wagonjwa wa hofu na sonona wanafaulu mno. Ikachomeka maneno machache kwenye kanuni: asiyeweza kufuata njia peke yake apewe alama zake, mradi kinachomzuia kisiwe dhiki ya kisaikolojia. Miguu anayo, mlango u wazi, anangoja nini? George Freeman, aliyeongoza bodi ya sera ya Waziri Mkuu, akaitetea: fedha ziende kwa walemavu wa kweli, si kwa wanaomeza vidonge nyumbani kwa sababu ya wasiwasi. Baadaye akaomba radhi, bila kupimwa kwa alama.

Desemba Mahakama Kuu ikasema huo ni ubaguzi wa wazi. Januari 2018 serikali ikakubali yaishe, ikaahidi kupitia upya madai yapatayo milioni 1.6. Wenye hofu wakaambiwa wasubiri barua. Kwa hofu ya kusubiri barua ya serikali, kanuni haitoi alama hata moja.