Fedheha ya Kupotea kwa Usahihi wa Mita Tano

Fedheha ya mtu kupotea huku ameshika mkononi kifaa ambacho kazi yake pekee hapa duniani ni kumzuia asipotee haina budi kutenganishwa na fedheha za kawaida za kupotea, kwa kuwa aliyepotea mikono mitupu hupewa pole na maji ya kunywa, ilhali aliyepotea na kifaa hutazamwa kwanza yeye, kisha kifaa, kisha yeye tena, na ni katika mtazamo huo wa tatu ambapo hadhi yake huishia. Insha hii inahusu fedheha ya aina hiyo ya pili. Tukio linalochunguzwa lilitokea Jumamosi iliyopita kwenye miteremko ya milima ya Uluguru, juu ya mji wa Morogoro, na mhusika wake mkuu, ambaye kwa sababu zitakazoeleweka ataitwa mtumiaji tu, hadi sasa hajaanza kupokea simu za wenzake watatu aliokuwa akiwaongoza.

Kifaa kinachozungumziwa si simu, bali ni kile kidogo cha GPS cha kushika mkononi, chenye ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia kilichokwisha nusu, vitufe vichache ubavuni, kioo kisicho na rangi na nafasi ya betri mbili mgongoni. GPS ni ufupisho wa jina la Kiingereza la mfumo wa kubaini mahali popote duniani, mfumo ambao Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilianza kuubuni mwaka 1973, ikarusha setilaiti yake ya kwanza mwaka 1978, na kuutangaza kuwa umekamilika mwaka 1995. Setilaiti zake zinazofanya kazi hazipungui 24, nazo huizunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, kila moja ikikamilisha mizunguko miwili kwa siku.

Kinyume cha wanavyodhani wengi, akiwemo mtumiaji mwenyewe hadi Jumamosi asubuhi, setilaiti haimwoni mtu, haimjui, wala haina habari kama yupo. Kazi yake ni kutangaza bila kuchoka mambo mawili, yaani mahali ilipo na saa ilivyo, mfano wa mwadhini asiyehesabu nani ameamka na nani amejifunika shuka. Kifaa kilicho chini hulinganisha saa iliyotangazwa na saa ambayo tangazo lilifika, na kwa kuwa mawimbi husafiri kwa kasi ya mwanga, takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, ucheleweshaji wenyewe, ambao ni kama sehemu saba za mia za sekunde, hugeuzwa kuwa umbali. Setilaiti tatu zingetosha kukata shauri la mahali lau saa iliyomo ndani ya kifaa ingeaminika, lakini kwa kuwa hiyo ni saa ya bei rahisi isiyoweza hata kuamsha mtu kwa wakati, huhitajika setilaiti ya nne ili kuisahihisha.

Uajabu wa jambo hili haujaisha. Kosa la saa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni kosa la mita 300 ardhini, na ndiyo maana setilaiti hubeba saa za atomiki, yaani saa zinazohesabu mitetemo ya atomi, ambazo nazo zina kasoro yao: kwa kuwa ziko mbali na uvutano wa dunia, huenda haraka kuliko zetu kwa sehemu 45 za milioni ya sekunde kila siku, na kwa kuwa zinakimbia sana, huchelewa kwa sehemu saba, hivyo hubaki zimetangulia kwa 38. Albert Einstein alikuwa amekwisha kueleza sababu za mambo yote mawili miaka mingi kabla ya setilaiti yoyote kurushwa, na lau wahandisi wangempuuza, makosa yangelimbikizana kwa zaidi ya kilomita 10 kila siku. Kwa maneno mengine, kipande hiki cha sabuni kinafahamu kwamba wakati haupiti sawasawa mbinguni na duniani, jambo ambalo mtumiaji aliwaeleza wenzake kwa kirefu huku wakisubiri kiwake. Kiliwaka polepole, kwa sababu kifaa kilichokaa kabatini miezi mingi hakijui tena setilaiti zipi ziko juu yake, hulazimika kuipokea upya almanaka, yaani ratiba ya setilaiti zote, na ratiba hiyo, inayotumwa kwa mwendo wa biti 50 kwa sekunde, huchukua dakika 12 na nusu kufika yote. Katika dakika hizo kikundi cha watoto kilipita, kikapanda mlima na kutoweka.

Safari ilikuwa ya kwenda Morningside, jumba la zamani lililojengwa wakati wa utawala wa Wajerumani, ambalo njia yake inajulikana na kila anayeuza ndizi mjini Morogoro. Mtumiaji hakutaka njia inayojulikana na wauza ndizi. Usiku uliotangulia alikuwa amekunjua ramani ya zamani ya kipimo cha 1:50,000, akalitafuta jumba hilo, akasoma koodineti zake kwenye miraba ya ramani, yaani namba mbili za mita zinazotaja mahali upande wa mashariki na upande wa kaskazini, kisha akaziingiza kifaani tarakimu baada ya tarakimu, kwa uangalifu ambao hajawahi kuuonyesha katika kujaza fomu ya kodi. Hakukosea hata tarakimu moja. Jambo hili litiliwe mkazo, kwa kuwa ndilo pekee lililobaki la kumtetea.

Alichokosa ni kusoma maandishi madogo yaliyo pembezoni mwa ramani. Dunia si tufe kamili, na kila mpima ramani hulazimika kwanza kuchagua umbo la kihesabu la dunia na mahali pa kulipachika, uchaguzi ambao wapimaji huuita datamu. Ramani za zamani za Kenya, Uganda na Tanzania zilitumia datamu iitwayo Arc 1960, iliyojengwa juu ya hesabu za Mwingereza Clarke za mwaka 1880, ilhali kifaa hutoka kiwandani kikiwa kimewekewa datamu nyingine, WGS 84. Namba zile zile, zikisomwa kwa datamu hizi mbili, hutaja sehemu mbili tofauti, na katika nchi hizi tofauti kwenye miraba hufikia kadiri ya mita 300, hasa kwa upande wa kaskazini. Katika uwanda wa Dodoma mtu angeinua macho tu akaona kosa lake. Uluguru si uwanda. Kwa kuwa mji uko kaskazini na mlima hupandwa kuelekea kusini, mita 300 za kaskazini ni mita 300 za chini, ndani ya migomba, na siku hiyo ukungu ulikuwa umeshuka.

Kifaa kilipolia kuashiria kwamba safari imekamilika, wenzake walitazama kushoto na kulia na hawakuona jumba. Mtumiaji, kwa sauti ya mtu aliyewasiliana na setilaiti nane, aliwatangazia kwamba bila shaka limebomolewa. Alikuwa ameanza hata kulaani uzembe wa nchi katika kutunza majengo ya kihistoria wakati bibi mmoja alipojitokeza katika ukungu akiwa na mkungu wa ndizi kichwani.

“Shikamoo, bibi,” walisema wote.

“Marahaba, wajukuu zangu. Mmepotea?”

“Hapana, bibi,” alijibu mtumiaji. “Tumefika.”

Bibi aliutua mkungu taratibu, akamtazama yeye, kisha kifaa, kisha yeye tena. “Mmefika wapi? Hapa ni nyuma ya choo cha mwanangu.” Alipoambiwa kwamba wanatafuta jumba la Wajerumani, hakusema kitu, alielekeza kwa kidevu tu, na ukungu, ambao unaonekana kuwa na ucheshi wake, ukafunguka kidogo juu yao na kuonyesha kona ya paa. Ndipo bibi akauliza swali lililozima vicheko, kwamba je, wamekuja kupima.

Swali hilo halikuwa la mzaha. Kwa wanakijiji wengi nchini, mtu mwenye kifaa cha aina ile anayetembea huku akikitazama ni mtu wa kupima, na baada ya wapimaji huja bikoni, yaani jiwe la mpaka, na baada ya jiwe huja barua inayosema shamba la babu limo ndani ya hifadhi au limekwisha kupata mwekezaji. Kifaa chenyewe hakisaidii kuondoa shaka hiyo. Kwenye kioo chake Morogoro ilikuwa nukta moja na barabara mbili, na safu yote ya Uluguru, ambayo kila kijito na kila kilima chake kina jina ambalo Mluguru hulijua tangu utotoni, ilikuwa weupe mtupu, kana kwamba haijaumbwa. Katika orodha ya lugha za kifaa kulikuwa na Kideni na Kifini, lugha za heshima zisizo na kosa lolote, lakini Kiswahili hakikuwemo. Mfumo wenyewe ni wa jeshi la nchi nyingine, ambalo hadi mwanzoni mwa Mei 2000 lilikuwa likiyavuruga kwa makusudi mawimbi ya raia ili wakosee kwa kadiri ya mita 100, na lililoacha kufanya hivyo kwa hiari ya nchi hiyo. Mtu anayepewa bure hapaswi kulalamika sana, lakini ni vigumu kutolalamika kidogo mtu anapogundua kwamba hesabu imefanywa ya uvutano wa dunia juu ya saa, na haijafanywa ya bibi aliyekuwepo pale muda wote.

Mikasa mingine ya siku hiyo ni ya kawaida. Mshale wa kifaa, usiojua mwelekeo mpaka mtu atembee, uligeuka kama pia kila mtumiaji aliposimama kuutazama. Tarehe ilisomeka miaka 19 na zaidi nyuma, kwa sababu kifaa kilikuwa cha mtumba na hesabu ya wiki ya mfumo, inayoishia 1,024, ilikuwa imerudi sifuri Aprili 2019. Betri, zilizonunuliwa kwa jina la betri za rimoti, zilidumu kama zilivyonunuliwa.

Wakati wa kushuka, bibi alikuwa akiwangoja njiani. Alikuwa amelitafakari jambo lile na kuona kwamba, ikiwa kifaa ni cha kupima na wenye nacho si wa serikali, basi kisiondoke bure. Shamba lake ni la ukoo, lililomfikia kwa upande wa mama kama ilivyo desturi ya Waluguru, na jirani wa upande wa chini alikuwa amesogeza mpaka. Mtumiaji alifufuka. Aliomba betri za tochi za wenzake, akaeleza kwamba kifaa kikizungushwa kwenye kingo za shamba hutoa eneo lake, na akalizunguka mara mbili kwa hatua za mwanajeshi, akipata mara ya kwanza eneo moja na mara ya pili jingine, kisha akauliza jirani amekula kiasi gani.

“Hatua tatu,” alisema bibi.

Kioo kilikuwa kikionyesha, pembeni na kwa unyofu, kwamba usahihi wake kwa wakati ule, chini ya majani yale yaliyolowa, ulikuwa mita tano. Mtumiaji alianza kueleza maana ya usahihi, akaigusia saa ya atomiki, lakini bibi alikuwa amekwisha kumwita mjukuu wake wa kweli aje na kamba ya katani. Ilipofika aliikung'uta, akamkabidhi mtumiaji ncha moja na kumwambia asimame pale pale penye mgomba, aishike kwa nguvu, na asisogee.